BARAZA LA WASOMAJI: Oktoba yote ni yake, sio siku moja

Wapendwa wa Mtwara na Lindi, na nyie wa kusini mliotawanyika huko mlipo, salamu. Meseji za mara hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, bethdei za mwezi wa kumi, nani apikiwe nini, ngoma ipi ipigwe na hela itoke wapi. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwasababu imenigusa sana, niliisoma mara tatu.

*Shikamoo mama. Sisi tuko Mikindani na mama yetu, mimi ni mtoto wa tano. Dada yetu mkubwa yuko Leicester, Uingereza, miaka mingi sasa, anasema huko Oktoba yake anaifurahia mwezi mzima, majani ya miti yanakuwa mekundu na ya njano, rafiki zake wanampikia, wanawasha muziki, leo kwa huyu kesho kwa yule. Sasa anataka na mama tumfanyie hivohivo, yuko tayari kutuma hela ya ukumbi na keki ya ghorofa tatu. Shida mama mwenyewe anasema hana bethdei. Kwenye kitambulisho kaandikwa 1 Julai lakini hiyo aliwekewa tu na aliyekuwa anajaza fomu, anachojua yeye ni kwamba bibi alimwambia alizaliwa korosho zinadondoka, na Uhuru ulipokuja alikuwa ndio anajikongoja kutembea. Tumchagulie tarehe gani? – Mtoto wa Tano, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikwambie bibi yako alikuwekea kumbukumbu nzuri kuliko hiyo fomu. Hebu tuhesabu pamoja. Uhuru ulikuja 9 Desemba 1961. Korosho kwetu zinaanza kudondoka mwishoni mwa Septemba, zinakolea Oktoba na Novemba, mabaki yanaokotwa mpaka Desemba, Januari huko. Kama mama angezaliwa msimu wa 1961 basi siku ya Uhuru angekuwa na miezi miwili, mitatu hajafika, mtoto wa hivo analala tu mgongoni, hajikongoji popote. Kwahiyo ni msimu wa nyuma yake, Oktoba au Novemba 1960, na Uhuru umemkuta ana mwaka na kidogo, ndio umri wenyewe wa kushika ukuta na kudondoka kila hatua mbili. Mama yenu ni wa 1960, mwambieni. Na ile Julai iacheni hukohuko kwenye kitambulisho ifanye kazi za benki.

Tarehe msimchagulie. Mkimchagulia mtakuwa mmefanya kilekile alichofanya yule wa fomu. Yeye kapewa msimu na mama yake mzazi, msherehekeeni kwa msimu. Dada yako anaona mambo ya mwezi mzima kayakuta Uingereza ila wazee wetu walikuwa nayo kabla hata hajapanda ndege, ukimuuliza mzee wa Kimakonde au Kimwera umezaliwa lini anakwambia mbaazi zilikuwa zinavunwa, au mvua ya kwanza ilikuwa haijanyesha, hiyo ndio tarehe yake na inamtosha. Huko kwa dada siku zinakuwa fupi, baridi inaingia, ndio maana miti inaacha majani. Kwetu Oktoba ni jua kali na vumbi, upepo wa kusi umelegea na wa kaskazi bado haujafika, mibuyu ndio kwanza inaanza kutoa majani mapya. Mkorosho wenyewe hauachi jani. Kwao yanadondoka majani, kwetu zinadondoka korosho, na mama yenu kadondoka nazo.

Sasa ukumbi wa nini? Mama wa umri huo ukimkalisha kwenye kiti cha kitambaa cheupe mbele ya spika, watu wanapita kumlisha keki kwa uma, atacheka kwa adabu na kesho yake mgongo unamuuma. Wikiendi ya kwanza mpelekeni shambani. Kama shamba la familia lipo, hata mikorosho kumi, mtandikieni mkeka chini ya ule mkubwa, pale ambapo mabibo, yale matunda ya mkorosho, yamelala chini mengine yameshapasuka, ile harufu tamu iliyochanganyika na uchachu inajaa mpaka puani. Wajukuu waokote, wanyonge korosho itoke kwenye bibo, yeye akae awaambie wanavyokosea. Ila wavae nguo za shamba, doa la bibo likishaingia kwenye nguo nyeupe ndio limekaa, halitoki kwa sabuni yoyote.

Na hapohapo mkaange. Sio zile za pakiti, namaanisha bati la zamani lililotobolewa kwa misumari, mafiga matatu, kuni kavu. Mnakaa upande unaotoka upepo maana ule moshi unawasha macho vibaya sana. Korosho zikipata moto zinaanza kutoa mafuta meusi, zinalia, ghafla zinawaka zote kwa pamoja, mtu wa kugeuza awe na mti mrefu, halafu zikishakuwa nyeusi sawasawa mnapindua bati zinamwagika kwenye mchanga, moto unazimika. Mkono upake majivu kwanza, ndio uanze kugonga na jiwe moja moja. Watoto msiwaache wabanje kwa meno, mafuta ya ganda yanaunguza midomo na ngozi inabanduka, nani kati yetu hajawahi kwenda shule mdomo umevimba? Zile za kwanza kumi mpeni mama mkononi zikiwa bado za moto.

Wikiendi nyingine iwe ya kisamvu. Majani machanga, yatwangwe kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, yachemshwe muda wa kutosha, saa nzima na zaidi, kisamvu cha haraka sio kizuri kwa tumbo wala kwa afya, halafu korosho mbichi zilizobanguliwa mzitwange ziwe unga mzito ndio ziingie, tui la kwanza linakuja mwisho na ukishalitia usiache jiko likachemka kwa nguvu, litakatika. Kula na ugali wa muhogo. Kama bamvua, zile siku maji yanakupwa sana, linaangukia wikiendi hiyo mtapata na pweza wa kuokotwa mwambani, muulizeni mtu yeyote pale pwani atawaambia siku, na ming'oko, vile viazi pori vyetu, wekeni pembeni ya kutafuna na pilipili wakati watu wanasubiri.

Halafu kuna jambo hukuniuliza ila nakwambia. Wale waliochezwa unyago na mama yako mwaka mmoja wako wapi? Wangapi wamebaki? Hela ya dada yenu ya ukumbi ndio iende huko, mtu akodi bajaji awapitie mmoja mmoja, aliyeko Naliendele, aliyeko Ziwani, kila mmoja apewe doti ya kanga sare moja na mama. Mimi nimeona kwa macho yangu bibi mmoja ambaye kwa miezi alikuwa hatoki kitandani bila kushikwa, kaletewa rafiki zake watatu wa rika moja, mmoja akaanza kuimba taratibu kwa chini tu, yule bibi akajibu ubeti wa pili akiwa amelala, wa tatu ameshakaa. Hakuna keki inaweza kufanya hivo. Na wakianza kuimba simu mziweke chini na wanaume watoke nje, nyimbo za unyago sio za kuweka steitasi.

Dada mwenyewe asikose. Ngoma kubwa iwekeni Jumamosi ya mwisho na mpigieni kwa video, lakini angalieni saa. Oktoba karibu yote sisi tuko mbele ya Uingereza kwa masaa mawili, yaani saa mbili usiku ya Mikindani ni saa kumi na mbili jioni kwake. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao wanarudisha saa nyuma, kuanzia hapo tofauti inakuwa masaa matatu, nimeona familia nyingi zinagombana kwa hili, huku wanasema hapokei kule anasema hamkupiga. Jumamosi yenu ikitangulia Jumapili hiyo bado ni mawili, ila mwaka ambao Jumamosi ya mwisho ni tarehe 31 ni matatu tayari. Bando liwekwe mapema na simu ashike mtu mzima asiyecheza. Keki ndogo ya kukata iwepo, sijakataa, ila kama mama ana sukari mumuulize daktari wake kwanza.

*Mama habari. Mimi mkulima Tandahimba, mapacha wangu wanatimiza miaka saba tarehe 12 Oktoba, mama yao ameshawaahidi keki, nguo mpya na muziki. Korosho ziko ghalani, mnada haujafanyika, mfukoni sina kitu. Kuna jamaa yuko tayari kunipa hela leo nimpe gunia mbili. – Baba Pacha*

Baba Pacha usimpe. Hiyo ni kangomba, kuuza korosho kwa kificho nje ya mnada, unaijua na mimi naijua, na tangu 2007 tulipoingia kwenye stakabadhi ghalani, korosho zinawekwa ghalani zikisubiri mnada, ilikuwa ni kwa ajili hiyohiyo, mkulima asilazimike kuuza kwa bei ya mtu aliyemkuta ana shida. Ukishauza gunia mbili kwa keki utazilia Januari wakati wa ada na daftari. Na ile mikopo ya kausha damu, ya riba kubwa, usiikaribie kabisa.

Kaa na mkeo leo, sio kesho, umwambie ukweli wa mfuko ulivyo, tena kwa upole maana yeye ameshaahidi na anaona aibu mbele ya watoto. Tarehe 12 asubuhi wapikieni vitumbua, wavae nguo zao safi walizonazo, waimbieni, baba mwenyewe ukiwepo usiende kijiweni siku hiyo. Ndio bethdei hiyo. Waambie sherehe ya watoto wenzao inakuja mnada ukishalipa, mtoto wa miaka saba wa Tandahimba anajua mnada ni nini kuliko unavyodhani, anasikia kila jioni mnavyoongea. Ila ukishaahidi mwisho wa mwezi hela ikiingia benki hiyo ndio itoke ya kwanza, kabla ya bati na kabla ya pikipiki.

*Shikamoo dada. Niko Lindi mjini, natimiza 30, nataka shughuli nyumbani. Mjomba anataka sindimba, wadogo zangu wanataka singeli, mama mkwe ni mtu wa taarabu na ukiwasha singeli anaingia ndani anafunga mlango. Nianze na nani? – Wa Oktoba, Lindi*

Marahaba mdogo wangu. Anza na jua. Sindimba inataka mchana na uwanja wenye vumbi, tena wapigaji wanahitaji moto wa makuti kupasha ngozi za ngoma zikaze, usiku hayo yote ni tabu na hatari karibu na turubai. Kwahiyo saa kumi jioni mjomba apewe nafasi yake na yeye mwenyewe aingie kati, usimuache akakaa tu. Magharibi kila kitu kinazimwa, watu wanaswali, wanakula wali wa nazi na samaki. Baada ya Isha taarabu, hapo mama mkwe mkalishe mbele na umtunze wewe kwanza hela mkononi kabla hajamtunza mtu, ataikumbuka hiyo miaka. Singeli iwe ya mwisho nusu saa tu na akishachoka yeye ruhusa kulala, sio kwasababu amefukuzwa na spika. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa mapema kuhusu kibali, na mgonjwa au mwenye kichanga aliyepakana na nyinyi umwendee wewe mwenyewe na sahani mkononi, usimtume mtoto. Hongera ya 30.

*Mama, mimi nimezaliwa Oktoba na mama yangu alifariki Oktoba, mwaka juzi, siku nne tu kabla ya siku yangu. Rafiki zangu wananiambia nisherehekee ila mwezi ukifika nasikia vibaya, naona kama namkosea. – Nachingwea*

Pole sana mwanangu. Pole tena.

Humkosei. Siku uliyozaliwa na yeye alikuwepo, tena yeye ndio aliyeifanyia kazi, wewe umekuja tu. Mimi mama yangu aliondoka wakati wa mabibo, mwaka wa kwanza sikuweza hata kusikia harufu ya mabibo barabarani, nilikuwa napita njia nyingine kwenda sokoni. Mwaka wa pili shoga yake mmoja mzee akaniita, akaniambia mama yako alikuwa ananipikia kisamvu kila msimu huu sasa mwaka wa pili sijala, hivi mnataka na mimi nife. Nikalia pale mlangoni kwake kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Nikarudi nikatwanga.

Kwahiyo usifanye sherehe ya muziki kama moyo haujafika huko, rafiki zako waambie wazi watakuelewa, waje tu wakae na wewe. Ile siku ya mama soma dua au nenda kanisani kwa jinsi ulivyo, na siku yako pika kitu kimoja alichokuwa anapenda yeye, ule kidogo, kingine umpelekee mtu aliyekuwa anampenda. Usipeleke kwenye plastiki, peleka kwenye bakuli lake kama lipo. Mimi mpaka leo nafanya hivo, la kwangu ni bakuli la bati lenye maua ya bluu, ukingo umebanduka upande mmoja, na yule mzee akishamaliza analiosha mwenyewe na hakubali kunirudishia tupu, mara ya mwisho alinitilia mbaazi.