Kufuta kila "was" si kusahihisha

SWALI: Niliandika, "The accident was happened at night because the driver was sleeping." Mwenzangu ameniambia nifute "was" zote mbili, maana kila palipo na "was" pana kauli ya kutendwa, na kauli hiyo ni kosa. Ni kweli?

JIBU: Ya kwanza itoke. "Happen" si kitenzi elekezi: hakichukui yambwa, yaani mtu au kitu kinachopokea tendo, na pasipo yambwa hakuna wa kutendwa. Ni kama kusema ajali "ilitokewa". "Die", "arrive" na "occur" ni hivyo hivyo.

Ya pili iache. "Was sleeping" ni kauli ya kutenda. Dereva mwenyewe ndiye aliyelala.

Ushauri wa mwenzako nakutana nao kila mara, na unanikera kwa sababu watu wanaufundisha kama kanuni. "Was" peke yake haiamui kitu. Tazama neno linaloifuata: "was watching" anatenda, "was watched" ametendwa, "was happy" si hili wala lile. Tena kauli ya kutendwa si kosa hata kidogo. Mtendaji asipojulikana, au asipokuwa na umuhimu, ndiyo inayofaa.

Na kuna "The door opened". Haina "was", lakini mlango haukufungua kitu. Ni "ulifunguka" yetu. "The door was opened" ni "ulifunguliwa", yaani yupo aliyeufungua. Zote ni sahihi, ila zinatoa habari mbili tofauti. Anayejua kutendeka na kutendwa kwa Kiswahili analijua jambo hili tayari, ila hajaambiwa kwamba analijua.

Sasa fuata ushauri ule kwenye "The guard was attacked." Futa "was": "The guard attacked." Sarufi haina doa, kwa hiyo hata programu ya kusahihisha inaweza kuipitisha bila kupiga mstari. Lakini mlinzi aliyeshambuliwa amekuwa mshambuliaji. Ikiwa hayo ni maelezo ya ushahidi, umemtia mtu hatiani kwa kufuta neno moja.

Ndiyo maana siwavumilii wanaouza orodha za "maneno ya kufuta" na kuahidi Kiingereza safi kwa siku chache. Orodha haijui ulitaka kusema nini. Kabla hujagusa kitenzi, jiulize kwa Kiswahili: alishambulia au alishambuliwa? Ukishajibu, ndipo uisome tena sentensi yako uone inasema lipi.