Desktop moja, watumiaji wawili kwa wakati mmoja

Inawezekana, lakini si kwa Windows 10 au 11 ya kawaida. Hizo mwingine akiingia, wa kwanza anafungiwa skrini. Weka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Matoleo yake kama Ubuntu na Fedora yana systemd, programu ya ndani inayoweza kugawa mashine moja kuwa "viti", kila kiti na skrini, kibodi na mausi yake. Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika loginctl seat-status seat0 uone vifaa vyote, halafu loginctl attach seat1 ikifuatiwa na njia (anwani) ya kifaa unachohamisha, kama ilivyo kwenye orodha hiyo.

Wengi hukwama kwenye kadi ya picha, ile inayotoa picha kwenda kwenye skrini: kila kiti kinataka yake. Matundu mawili ya HDMI kwenye kadi moja bado ni kiti kimoja. Ukiongeza kadi, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) uhakikishe kadi iliyojengewa ndani ya kompyuta haijazimwa. Mimi huwa nachomeka kibodi na mausi za kiti cha pili kwenye hub moja ya USB (kifaa chenye matundu kadhaa ya USB), nahamisha hub yenyewe, na vyote vinaifuata. Nafunga utepe mwekundu kwenye waya wake, maana kibodi zinazofanana zinachanganya sana.

RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) iwe GB 8 angalau, kivinjari kinakula. Na nunua UPS, betri ya akiba: umeme ukikatika, wote wawili wanapoteza kazi.