Binti mchawi ndani ya deraya nzito

SWALI: Shikamoo kaka. Nilimaliza gemu ya Skyrim, sasa nacheza iliyoitangulia, Oblivion, ile ya 2006. Mhusika wangu ni binti mchawi, mdhaifu wa mwili, mpenda vitabu. Rafiki yangu kanionya nisipande levo ovyo: nimvalishe deraya nzito, asimame apigwe na kaa wa matopeni hadi Ustahimilivu wake upate pointi tano. Nimefanya hivyo, lakini binti mwenyewe simtambui tena. Hizi sifa nane za mhusika (Nguvu, Akili, Utashi, Ustahimilivu na nyinginezo) zinasaidia kuvaa uhusika, au Skyrim ilifanya vema kuzifuta?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwa hesabu, rafiki yako yuko sahihi. Katika Oblivion, sifa hupata pointi tano pale tu ujuzi ulio chini yake unapokuwa umepanda mara kumi tangu levo iliyopita. Ustahimilivu unabeba ujuzi wa deraya nzito, unaopanda ukipigwa ukiwa umeivaa, wa kukinga kwa ngao na wa kutengeneza silaha. Afya unayoongezewa kila levo ni sehemu ya kumi ya Ustahimilivu ulionao wakati huo, na ukichelewa kuupandisha, ya nyuma hulipwi. Maadui nao wanapanda pamoja nawe, kwa hiyo watu wanaingiwa hofu. Ndipo msoma vitabu anapogeuka mfua vyuma.

Lakini lawama usiitupie namba. Angalia Nguvu. Uzito anaoweza kubeba ni Nguvu mara tano, kwa hiyo mwenye Nguvu 30 mwisho wake 150. Huyo binti yako akiwa ndani ya pango, mzigo umejaa, mbele yake deraya ya chuma ya jambazi aliyemchoma moto, ataiacha hapohapo na kuondoka na chupa za dawa na vitabu. Hujalazimika kujikumbusha kwamba ni mdhaifu. Gemu yenyewe imekuamulia. Skyrim ya 2011 ilibakiza afya, uchawi na stamina tu, na kila mtu, awe mchawi awe mbeba shoka, anaanza na uwezo wa kubeba 300. Hesabu za kero ziliondoka, ila udhaifu wa binti yako nao ungeondoka, na mimi udhaifu huo naupenda sana.

Penye kasoro kubwa katika Oblivion ni Akili. Inaongeza uchawi, basi. Mwenye Akili 100 na mwenye 30 wanajibu watu kwa maneno yaleyale! Gemu ya Planescape: Torment ya 1999 ilikuwa imeshaonyesha njia: Hekima na Akili zikipanda, shujaa wake asiyekufa anapata majibu mapya ya kusema, na kumbukumbu zilizompotea zinaanza kumrudia. Gemu ya Baldur's Gate 3 ya 2023 nayo inafanya hivyo kwa mwili: Nguvu ikiwa ndogo, hata mtaro mpana huruki. Sifa ya namna hiyo inamjenga mhusika, kwa sababu dunia inamjibu kwa jinsi alivyo.

Kwa hiyo mvue hiyo deraya leo. Pandisha Akili na Utashi, acha Nguvu ilale palepale, na levo ikifika mlaze binti kitandani, maana akilala ndipo anapanda, bila kuhesabu chochote. Maadui wakikuzidi, shusha kipimo cha ugumu kwenye mipangilio. Kipo kwa kazi hiyo.