Kiafrikaans kwa Mswahili: usishike mkasi kabla ya neno la mwisho

Gauni lilikuwa la kijani, la harusi, na mteja alisimama mbele ya cherehani yangu mjini Paarl akiongea haraka kama waongeavyo watu wa huko. Nilisikia "moet", yaani lazima. Nikasikia "moue", mikono ya nguo. Nikasikia "korter", fupi zaidi. Yote matatu nilikuwa nayajua, nikaitikia "ja", na jioni ile nikaikata mikono. Kumbe alikuwa amesema "Moenie die moue korter maak nie": usiifupishe mikono. Kitambaa nilikilipa mimi, na mteja yule hakurudi tena.

Wakati huo nilikuwa na miezi mitano Afrika Kusini, na daftari langu lilikuwa limejaa maneno: naald ni sindano, skêr ni mkasi, rok ni gauni. Kila usiku nilikariri kumi mapya. Sentensi sikuwa nimejifunza hata moja. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza: punguzeni kukariri, kwanza jueni kitenzi kinakaa wapi.

Sisi kitenzi chetu kimebeba mzigo wote. "Nimekununulia" ni neno moja, na ndani yake yupo aliyenunua, yupo aliyenunuliwa, na wakati umo humo humo. Kwa hiyo tuko huru: "jana nilinunua mkate", "mkate nilinunua jana", "nilinunua mkate jana", zote zinaeleweka. Kiafrikaans kimekivua kitenzi viambishi vya nafsi vyote. Ek koop, jy koop, hy koop, ons koop, julle koop, hulle koop: ninanunua, unanunua, mpaka wananunua, na kitenzi ni kile kile. Hakuna ngeli, hakuna upatanisho. Mgeni anafurahi. Lakini kazi iliyokuwa ikifanywa na viambishi haikwenda popote, imehamia kwenye nafasi. Neno likikaa pasipo pake, sentensi inaharibika.

Kanuni ya kwanza: katika sentensi ya kawaida, kitenzi kinakaa nafasi ya pili. Sisemi neno la pili. "Die ou vrou koop brood", bibi kizee ananunua mkate: "die ou vrou" ni maneno matatu, ila nafasi ni moja. Sasa anza na "leo". Ulimi wa Mswahili utasema "Vandag ek koop brood", na hilo ndilo kosa nililolirudia mwaka mzima. "Vandag" imeshachukua nafasi ya kwanza, kitenzi hakiondoki ya pili, basi "ek" inasogea nyuma yake: "Vandag koop ek brood". Mama mwenye nyumba wangu hakuwahi kunieleza kanuni hii. Kila nilipokosea alirudia sentensi yangu ikiwa imenyooka, polepole, kisha akaendelea na mazungumzo. Ukimpata mtu wa namna hiyo, mshikilie.

Kanuni ya pili ndiyo iliyonigharimu kitambaa. Vitenzi vikiwa viwili, kimoja kinabaki nafasi ya pili na kingine kinakwenda mwisho kabisa. "Ek wil môre brood koop": nataka kesho kununua mkate, lakini "koop" inasubiri mkiani. Wakati uliopita unajengwa vivyo hivyo, kwa "het" na kitenzi chenye "ge-": "Ek het gister brood by die winkel gekoop", jana nilinunua mkate dukani. Mimi huiona kama mshono: uzi unaingia hapa, unapita kitambaani, na fundo linafungwa kule mwisho. Kabla ya fundo hujui nguo itakaaje. Mtu akikuambia "Ek het gister die rok..." bado hujui kama aliliona gauni, alilinunua au alilichana. Subiri.

Shule za Afrika Kusini zina neno la kuwasaidia wanafunzi, STOMPI, lililotokana na herufi za mwanzo. Linaonyesha mpangilio huu: kiima na kitenzi cha kwanza, halafu wakati, kitendwa, namna, mahali, kisha kitenzi cha pili na kitenzi-jina. Niliibandika juu ya cherehani. Kuhusu "ge-", jua tu kwamba vitenzi vinavyoanza na viambishi kama ver-, be- na ont- havipokei: "Ek het verstaan", nilielewa. Hayo mengine utayazoea.

Kukanusha kunawatisha wengi kwa sababu "nie" inakuja mara mbili. "Ek eet nie vleis nie", sili nyama. Mimi nilitulia nilipotazama lugha yangu mwenyewe. "Ninapenda" tukiikanusha tunasema "sipendi": tumebadili mwanzo, tumebadili na mwisho. Kiafrikaans kinafanya jambo la kufanana na hilo kwa sentensi nzima. "Nie" ya mwisho inafunga mlango, na inafunga hata sentensi ikirefuka: "Ek het nie geweet dat die winkel Sondag toe is nie", sikujua kwamba duka hufungwa Jumapili. Ukianza na "niemand", hakuna mtu, bado mlango unafungwa: "Niemand het gekom nie". Zingekutana mbili pamoja, inabaki moja: "Ek weet nie", sijui. Na katazo ni "moenie", lililozaliwa na "moet" na "nie". Kwa sikio geni, mtu akiongea haraka, "moenie" na "moet" vinakaribiana mno, ila "nie" ya mwisho ingeniambia ukweli kama ningeingoja.

Ndani ya kishazi tegemezi mambo yanageuka. Baada ya "dat" na "omdat", kitenzi kinakimbilia mwisho: "omdat ek siek was", kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Lakini "want", yenye maana ile ile, haigusi kitu: "want ek was siek". Anayeanza namshauri atumie "want" bila aibu. Si kosa, wenyeji wanaitumia kila siku, na inakupa muda wa kuisikia "omdat" vinywani mwa watu mpaka ije yenyewe.

Yapo pia mambo yatakayokufanya ujisikie nyumbani. Tunasema "nimemwona bibi", na lile "-m-" tunamwekea mtu. Kiafrikaans, hasa cha mazungumzo, kinamwekea mtu "vir": "Ek het vir Ouma gesien". Mkate hauwekewi. Tunasema "haraka haraka", wao wanasema "gou-gou". Ila kumilikisha kumepinduliwa, mwenye mali anatangulia: "die kind se boek", kitabu cha mtoto. Na "se" haibadiliki, iwe kitabu, nyumba au viatu.

Ndugu zangu wa Tanga huniuliza kwa nini nahangaika na lugha ya makaburu. Swali ni la haki. Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha hii, na polisi wakawapiga risasi. Hilo silisahau. Lakini sensa ya 2011 ilihesabu watu karibu milioni 6.9 wanaokitumia kama lugha ya kwanza, na wengi wao si Wazungu. Mama mwenye nyumba wangu ni Mwislamu, mmoja wa watu wa Cape, yaani eneo la rasi ya kusini-magharibi mwa nchi, ambao mababu zao waliletwa utumwani na Waholanzi kutoka Asia na pande za Afrika. Akishukuru husema "tramakasie", akiomba husema "kanala", maneno ya Kimalei. Hata "baie", yaani sana, ambayo kila mwenye Kiafrikaans anaitumia, asili yake ni Kimalei. Katika karne ya 19 Waislamu wa Cape walikiandika Kiafrikaans kwa herufi za Kiarabu madrasani, kama wazee wetu wa pwani walivyokiandika Kiswahili. Aliponieleza hayo nilimwonyesha picha ya barua ya babu yangu, na tukakaa jikoni tukizisoma herufi pamoja, yeye hajui Kiswahili.

Na adabu usiiache mlangoni. Mkubwa wako hasemeshwi "jy". Mwanamume unamwita Oom, mwanamke Tannie, na jina hilo la heshima linakaa mahali pa "wewe" ndani ya sentensi. "Wil Tannie tee hê?" Je, shangazi angependa chai? Tazama: "wil" imetangulia kwa kuwa ni swali, "hê" iko mwisho kabisa. Hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza ambayo mama mwenye nyumba hakuirudia. Aliitikia tu "ja, my kind", akavuta kiti.