"Elfu kumi na tano" ni ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya kusoma kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa maneno na kukigeuza kuwa tarakimu, kwa ajili ya daftari la kikoba chetu. Natumia lugha ya Haskell na kombineta za vichanganuzi. Nilipoanza na ReadP, maktaba (mkusanyo wa vifaa vya programu vilivyo tayari) ya Haskell, "shilingi elfu kumi na tano" ilinipa majibu mawili: 15,000 na 10,005. Nikahamia maktaba nyingine, Parsec, nikapata jibu moja tu, 15,000, lakini sasa "elfu kumi na mia tano" inakataliwa kabisa. Kiswahili chenyewe kinasemaje? Jibu sahihi ni lipi, na hiyo "na" ni ya nani? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. ReadP haikukosea. Imekuonyesha utata uliomo katika lugha yetu, ambao sisi wazungumzaji tunaupita kila siku bila kuuona. Parsec nayo haikuutatua. Imechagua upande mmoja kimyakimya kwa sababu ya namna ulivyopanga kanuni zako.

Wasomaji wengine wasiachwe nyuma. Kila aliyesoma Kiswahili sekondari amewahi kuambiwa achanganue sentensi kwa matawi au kwa jedwali. Kichanganuzi hufanya kazi hiyohiyo kwa niaba ya kompyuta: hupewa maneno, hurudisha muundo. Katika programu za mtindo wa funksheni, kichanganuzi ni funksheni ndogo inayopokea maneno na kurudisha vitu viwili: ilichokielewa, na maneno yaliyobaki. Kombineta ni funksheni inayochukua vichanganuzi vidogo na kuvifanya kimoja kikubwa: "hiki kisha kile", "hiki au kile", "hiki mara nyingi kadiri inavyowezekana". Unaandika kimoja kinachosoma moja hadi tisa, kingine kinachosoma kumi, ishirini hadi tisini, kisha mia, kisha elfu, halafu unaviunga. Uzuri wake ni kwamba programu inafanana na sarufi yenyewe. Ukiisoma unaona kanuni.

Mwaka 1985 mtaalamu wa kompyuta Philip Wadler alieleza njia ambayo kichanganuzi hurudisha orodha ya majibu yote yanayowezekana. Kikishindwa, orodha ni tupu. Kikipata maana mbili, orodha ina majibu mawili. ReadP inafuata fikra hiyo, ndiyo maana ulipoiambia kwamba baada ya "kumi" huenda ikaja "na tano" na huenda isije, ilijaribu njia zote mbili na kukuletea zote.

Sasa tuje kwenye lugha.

Katika Kiswahili, idadi hufuata jina: nyumba tatu, siku mbili. Mia, elfu, laki na milioni huwa kama majina, na namba inayofuata huyahesabu. "Elfu tatu" ni elfu ngapi? Tatu. Kwa hiyo namba ikikaa moja kwa moja baada ya elfu ni kuzidisha, na "na" ikiingia ni kujumlisha. "Elfu tano" ni 5,000, "elfu na tano" ni 1,005. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza kwa sababu "na" hiyohiyo inajenga namba ndogo pia: kumi na tano, ishirini na saba. Ukisema "elfu kumi na tano", sikio haliwezi kujua kwa sarufi peke yake kama "na" imo ndani ya namba inayohesabu elfu (elfu ngapi? kumi na tano), au iko nje, inajumlisha tano kwenye elfu kumi ambazo tayari zimekamilika.

Utata huu hauko kila mahali. "Elfu mbili na ishirini na tano" ni 2,025 na haiwezi kuwa kitu kingine, kwa kuwa "mbili na ishirini" si namba ya Kiswahili; sisi hushuka kutoka kubwa kwenda ndogo. Balaa linatokea pale namba inayohesabu elfu inapokuwa makumi kamili, kuanzia kumi hadi tisini, kisha ifuate "na" yenye moja hadi tisa. Hizo ni tungo 81, kila moja ina maana mbili. Ukipanda kwenye mamia hali ni mbaya zaidi. Ipe ReadP "elfu mia tatu na hamsini na tano" uone: italeta 355,000, 350,005 na 300,055. Zote tatu zinakubalika kisarufi.

Wazee wa pwani hawakuwa na shida hii, au angalau hawakuwa nayo kwa kumi. Karne ya 19 Unguja na Mombasa walikuwa wakihesabu pia hidashara, thenashara, thelatashara, arobatashara, hamstashara, hadi tisatashara, kwa maneno yaliyotoka katika Kiarabu. Hamstashara ni neno moja, halina "na" ndani yake. "Elfu hamstashara" ni 15,000, na mtu hawezi kulikata katikati. Tulipoyaacha maneno hayo na kubaki na kumi na moja, kumi na mbili za Kibantu, mambo yakawa mepesi kwa mtoto anayejifunza kuhesabu, lakini tulipoteza kifaa hicho. Sipendekezi uyafufue, wanakikoba wako watakushangaa.

Kifaa kilichobaki, ambacho wengi hatukitambui, ni upatanisho. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane huchukua kiambishi cha jina zinalolihesabu. Linganisha:

watu elfu kumi na tano (15,000)
watu elfu kumi na watano (10,005)

Katika sentensi ya kwanza, "tano" inahesabu elfu, na elfu ipo katika ngeli ya N ambayo haiweki kiambishi hapo. Katika ya pili, "watano" inahesabu watu. Vivyo hivyo "vitabu elfu ishirini na viwili" ni 20,002, na "vitabu elfu ishirini na mbili" ni 22,000. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayeandika "wapiga kura elfu kumi na watano" akikusudia 15,000 amevutwa na neno "wapiga kura" akasahau kilichohesabiwa ni nini. Namwelewa, lakini amewapunguza wapiga kura karibu 5,000. Upatanisho huu nao una mipaka: sita, saba na tisa hazibadiliki, kwa hiyo "watu elfu kumi na saba" inabaki na utata wake.

Bahati mbaya, wewe unahesabu fedha. Shilingi ipo ngeli ya N, sawa na elfu. Dola vilevile, na faranga, na riali, na senti. "Tano" ya shilingi na "tano" ya elfu zina sura moja, hivyo upatanisho unatuacha mkono mahali penyewe ambapo kosa linagharimu. Na katika hundi maneno ndiyo yenye nguvu: sheria ya Uingereza ya 1882 inayohusu hundi na hati kama hizo, ambayo Kenya na Tanzania zilifuata mkondo wake, inasema tarakimu na maneno vikitofautiana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Wakili mwenye ubishi angeweza kula mshahara wa mwezi kwa "elfu kumi na tano" hiyo.

Basi uamuzi wangu ni huu. Kwa mazoea ya wazungumzaji, "elfu kumi na tano" ni 15,000. Muuza duka yeyote wa Arusha au Mombasa atakurudishia chenji kwa hesabu hiyo bila kuuliza. "Na" ni ya namba ya ndani maadamu inaweza kuwa ya ndani. Anayetaka 10,005 ndiye mwenye wajibu wa kusema wazi, na njia anazo. Anaweza kugeuza mpangilio: "kumi elfu na tano", ambayo haina utata kwa kuwa elfu imefunga mlango kabla ya "na" kufika. Anaweza kurudia jina: "shilingi elfu kumi na shilingi tano". Mimi hupenda hii ya pili, hasa kwenye stakabadhi, kwa sababu haihitaji msomaji ajue kanuni yoyote. Kwenye mazungumzo watu hutua kidogo baada ya "kumi", na kwenye maandishi wengine huweka mkato. Mkato ni dhaifu. Usiutegemee, maana wanaoandika ujumbe wa simu hawauweki.

Kwenye programu, kanuni hiyo inamaanisha chaguo lenye upendeleo. ReadP inazo alama mbili za "au": `+++` inayojaribu pande zote na kurudisha yote, na `<++` inayochukua upande wa kushoto ukifaulu, na kwenda kulia pale tu wa kushoto ukishindwa. Weka "kumi na tano" kushoto, "kumi" peke yake kulia, unganisha kwa `<++`, na utapata 15,000 peke yake.

Kuhusu Parsec kukataa "elfu kumi na mia tano", hapo ndipo swali lako la "na ni ya nani" linapopata jibu zuri. Msikilizaji akisikia "elfu kumi na…" bado hajui "na" ni ya ndani au ya nje. Likija "tano", ni ya ndani. Likija "mia", ni ya nje, kwa sababu "kumi na mia" haiwezekani. Mwenye "na" anajulikana kwa neno linalofuata. Parsec, aliyoitengeneza Daan Leijen, kwa kawaida hairudi nyuma ikishameza neno: kichanganuzi chako cha makumi kilimeza "na" kikitarajia moja hadi tisa, kikakuta "mia", na kwa kuwa "na" ilikuwa imekwisha kumezwa, kazi yote ikaanguka. Zungushia `try` sehemu yote ya "na pamoja na moja hadi tisa", siyo "na" peke yake. Ikishindwa, itairudisha "na" mezani ili kanuni ya nje iichukue, na utapata 10,500.

Usiifanye "na" kuwa ya hiari kila mahali. Ni kweli watu huiacha: "elfu mbili mia tano" inasikika kila siku, sawa na "elfu mbili na mia tano". Lakini huiacha pale tu fungu la elfu limekwisha kupata namba yake. Ukiruhusu iachwe hata baada ya elfu tupu, "elfu mia tano" itakuletea 500,000 na 1,500, na hiyo ya pili hakuna anayeisema hivyo. Husema "elfu na mia tano" au "elfu moja mia tano". Vilevile usiandike kanuni inayosema "namba ni namba, na, namba". Ni kweli, lakini kichanganuzi cha aina hii kitaanza kwa kutafuta namba, ambayo ili kuipata kitatafuta namba, hadi kumbukumbu ya kompyuta iishe. Kanuni ya darasani ya sentensi ambatano, S (sentensi) kuwa S1 na U (kiunganishi) na S2, ina kasoro hiyohiyo ukiipeleka kwenye Haskell kama ilivyo. Mwalimu wa ubaoni anajua pa kusimama, mashine haijui.

Lugha ya sokoni nayo itakusumbua zaidi ya yote haya, na vitabu vya sarufi haviigusi. "Laki na ishirini" ni 120,000. "Elfu" imemezwa na kila mtu anajua. Kwa hiyo baada ya laki, "hamsini" ni hamsini elfu, wala si shilingi 50. "Laki tatu na nusu" ni 350,000, na "milioni mbili na nusu" ni 2,500,000: nusu siku zote ni nusu ya kipimo kilichotajwa karibu yake, haiwi nusu shilingi. Hii usiichanganye na kanuni za kawaida. Itengenezee kichanganuzi chake, kiwe na masharti mawili, kwamba kabla yake kuna laki au milioni, na kwamba hakuna "elfu" iliyotajwa baada yake. Kama wanakikoba ni vijana, ongeza buku (elfu moja) na jero (mia tano), maana mtu ataandika "buku jero" akiwa na 1,500 mkononi.

Na pale fedha zinapoingia daftarini, ningeacha ReadP na `+++` iendelee kufanya kazi nyuma ya pazia, hata kama kinachoonekana ni jibu la mazoea. Orodha ikiwa na jibu moja, andika. Ikiwa na mawili au matatu, onyesha lile la mazoea kwa tarakimu na umwombe mweka hazina alithibitishe kabla halijaingia. Ianze kujaribiwa kwa "milioni na laki na nusu". Mimi nasoma 1,150,000. Programu yako ikisoma 1,600,000, nusu imeshikwa na milioni badala ya laki.