Maswali ya wafugaji: kuku wanaozubaa, ng'ombe asiyeshika mimba na mengine

Shikamoo daktari. Kuku wangu wa kienyeji wanazubaa, wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda. Nimewawekea dawa ya unga kwenye maji lakini bado wanakufa. Nibadilishe dawa? (Mfugaji, Dodoma)

Marahaba, na pole sana. Usinunue dawa nyingine. Hizo ni dalili za kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba. Inaniuma kuona mfugaji akimalizia akiba yake dukani kwa ugonjwa ambao kinga yake ni tone moja la jichoni.

Kwa sasa tenga wagonjwa, na waliokufa wachome au wafukie kwenye shimo refu. Tafadhali usiwakimbize waliobaki mnadani, maana kideri kitahamia kwa wenzako. Kundi likishatulia, anza chanjo ya I-2. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, ndiyo maana inafaa vijijini. Mlaze kuku ubavu, dondosha tone moja kwenye jicho, subiri apepese ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi 3, vifaranga wakiwemo. Kichupa kimoja kina dozi nyingi na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo elewaneni na majirani mchanje siku moja.

Ng'ombe wangu wa maziwa amepandishwa kwa mrija mara tatu, hashiki. Naambiwa ni tasa, nimuuze. (Mama wa Rungwe)

Mama, usimuuze kwanza. Mara nyingi kinachokosewa ni saa. Joto, yaani kipindi ambacho ng'ombe anataka kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21 hivi, na halimalizi hata siku nzima. Dalili ya uhakika ni ng'ombe kusimama tuli anapopandwa na mwenzake. Wako kama yuko peke yake bandani, hilo hutaliona, basi tazama ute mwangavu unaoning'inia nyuma, kulia hovyo, na maziwa kupungua ghafla. Mwangalie alfajiri kabla ya kukamua, jioni, na tena usiku kwa tochi, kwa sababu wengi huonyesha joto usiku.

Ukiliona asubuhi, mhimilishaji, yule mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, aje jioni. Ukiliona jioni, aje kesho yake asubuhi. Ukikuta damu kidogo kwenye mkia, joto lilishapita kama siku mbili zilizopita. Hapo usimwite mtu wala usitoe hela, andika tarehe na uanze kumchunguza kwa makini wiki ya tatu inapokaribia.

Na chakula je? Ng'ombe anayekamuliwa huku akila mabua matupu kiangazi chote, mbavu zinahesabika, mwili wake hauna nguvu ya kubeba mimba. Mpe majani mabichi, pumba na mashudu, na jiwe la madini alambe. Vyote hivyo vikiwa sawa na bado hashiki, ndipo aitwe daktari ampime kizazi.

Kuku wangu anakula mayai yake. Nifanyeje?

Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku, weka viota mahali penye giza, na ongeza chokaa ya mifugo kwenye chakula. Asipoacha, mchinje kabla wenzake hawajamwiga.

Nawalisha nguruwe mabaki ya hotelini. Jirani ananikataza. (Kijana, Mbeya)

Jirani yako anakutakia mema. Mabaki yenye nyama ya nguruwe yanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na ambao hadi leo hauna tiba. Haumdhuru binadamu, lakini unaweza kukumalizia banda zima kwa siku chache. Kama huna chakula kingine, chemsha mabaki yote yatokote nusu saa, ukikoroga mpaka chini. Usiwaache nguruwe wazurure. Na wanunuzi wanaozunguka banda kwa banda wasiingie kwako: mtoe nguruwe nje, wamwone huko.