Hema likianza kunata

Ndugu yangu, pole. Umesema hema lako jepesi la mtu mmoja limekaa mfukoni tangu ushuke Mlima Kenya, na sasa sakafu inanata na kunuka. Huo si uchafu. Ni ule utando wa poliurethani unaozuia maji. Unyevu na joto vimeuozesha, na kuosha hakutaurudisha. Ukishaanza kubanduka, nunua jingine.

Hilo jipya usilihifadhi likiwa bichi, hata kama ni umande tu. Ukifika nyumbani litandaze siku hiyohiyo, kivulini, maana jua kali hudhoofisha nailoni. Likikauka kabisa, liweke ndani ya foronya kubwa, likiwa limelegea. Mashine ya kufulia usiijaribu kamwe. Sifongo na maji vuguvugu vinatosha.